Vipokezi vipo, neva haipo: shajara ya mradi wa kiungio cha neva na msuli

Wiki ya 1. Kipimo kwanza, rangi baadaye

Neva ya mwendo na uzi wa msuli havigusani. Kati yake kuna mwanya wa nanomita 50 hivi. Upande wa neva kumejaa vifuko vya asetilikolini, kemikali inayopeleka amri ya neva kwa msuli. Upande wa msuli vipokezi vya asetilikolini vimesongamana kama 10,000 kwa kila mikromita ya mraba. Sogea pembeni kidogo, kwenye utando uleule wa uzi uleule, hupati hata 10. Uzi uliokomaa huwa na kiungio kimoja, na neva moja tu inayokifikia. Mradi huu unafuatilia jinsi mpangilio huo unavyojengwa, unavyotunzwa na unavyovunjika, kwa seli za msuli kwenye sahani na kwa misuli ya panya.

Uamuzi wa wiki hii: kila kiungio kitapigwa picha kwa rangi mbili, nyekundu kwa vipokezi na kijani kwa neva, na kitahesabiwa kwa kuangalia ni sehemu gani ya vipokezi iliyofunikwa na neva. Asilimia 80 kwenda juu ni kamili, chini ya 5 ni tupu, katikati ni nusu. Mipaka hiyo ni yetu. Imeandikwa kabla ya picha ya kwanza, na haiguswi baada ya matokeo kuonekana. Rangi moja haikubaliki kwa sababu rahisi: neva ikifa, vipokezi hubaki na umbo lao kwa wiki kadhaa. Kiungio kisichofanya kazi kabisa kinang'aa nyekundu kama kizima.

Nyekundu yenyewe ni alfa-bungarotoksini iliyounganishwa na rangi. Ni sumu ya nyoka Bungarus multicinctus, iliyotengwa na Chang na Lee huko Taiwan mwaka 1963. Inashika kipokezi kwa nguvu kiasi kwamba kwa muda wa jaribio la kawaida haiachii, na ndiyo maana inaaminika kwa kuhesabu. Ni sumu ya kupooza: glavu muda wote, na chupa iliyobaki humwagiwa blichi kabla ya kutupwa.

Wiki ya 2 hadi 4. Nyuzi changa kwenye sahani

Seli ni za ukoo wa C2C12, seli changa za msuli wa panya. Zinakuzwa kwenye kioevu cha lishe cha DMEM chenye asilimia 10 ya seramu ya ndama, na zinagawanywa kabla ya kujaza asilimia 70 ya sahani. Hilo si pambo. Zikibanana zinaanza kuungana kuwa nyuzi, na zilizoungana hazigawanyiki tena. Kwa hiyo ukizichelewesha mara tatu nne, chupa inabaki na seli zile zisizopenda kuungana. Sahani ya wiki ya 3 ilitoa nyuzi fupi na chache kwa sababu hiyohiyo. Ilitupwa, ikayeyushwa chupa nyingine ya seli zilizogawanywa mara chache.

Sahani ikikaribia kujaa, seramu ya ndama inaondolewa na kuwekwa asilimia 2 ya seramu ya farasi. Siku ya 4 au ya 5 nyuzi zimeshika urefu, na baadhi zinajikunja zenyewe. Hapo ndipo zinapobanduka. Dawa ya kubanduka: sahani ipakwe jelatini ya asilimia 0.2 mapema, na kioevu kimwagwe ukutani mwa kisima kwa pipeti, kamwe kisielekezwe katikati. Nusu ya kioevu cha zamani huachwa kila mara.

Agrini ya neva, protini inayokusanya vipokezi, inaongezwa kwa nanomoli 1 kwa lita, saa 16. Sahani tatu kwa kila jaribio: bila agrini, na agrini ya msuli, na agrini ya neva. Hizo agrini mbili zinatoka kwenye jeni moja. Ile ya neva ina kipande kidogo cha ziada cha asidi amino kinachoitwa z, na bila kipande hicho vipokezi havikusanyiki. Sahani isiyo na agrini haiachwi kwa namna yoyote, maana nyuzi hizi hutengeneza mafungu machache zenyewe. Tunahesabu mafungu yenye urefu wa zaidi ya mikromita 5 tu.

Kosa la kuepuka ni kutoboa utando kabla ya kupaka: sumu ya rangi iwekwe seli zikiwa hai, mikrogramu 1 kwa mililita, saa 1 ndani ya inkubeta, ndipo zihifadhiwe kwa paraformaldehidi ya asilimia 4 kwa dakika 10. Ukitoboa utando kwanza kwa Triton, aina ya sabuni, sumu inaingia ndani na kupaka hata vipokezi vilivyo safarini kwenda juu. Picha inakuwa na ukungu mwekundu karibu na viini, na kompyuta inausoma kama mafungu.

Wiki ya 5. Maelezo ya wanaojiunga na mradi

Agrini haishiki moja kwa moja MuSK, protini ya utando wa msuli inayoanzisha ukusanyaji wa vipokezi. Tangu 1996 ilijulikana kwamba panya asiye na agrini, na asiye na MuSK, wote wanakufa wakizaliwa kwa kushindwa kupumua. Lakini mkono wa kuviunganisha ulikuwa haujaonekana. Mwaka 2008 makundi mawili yakaonyesha kwamba mkono huo ni protini ya LRP4. Agrini inashika LRP4, LRP4 inaikaza MuSK, MuSK mbili zinakaribiana na kutiana fosfeti, protini ya Dok-7 inakuja ndani kuikaza zaidi, na mwisho rapsini inafunga vipokezi pamoja chini ya utando. Kila jina kwenye mnyororo huu lina ugonjwa wake wa kurithi kwa binadamu, na MuSK, LRP4 na agrini pia hushambuliwa na kingamwili za mgonjwa mwenyewe.

Jambo linalosahaulika ni kwamba msuli haungoji neva. Kwenye kijusi cha panya, mafungu ya vipokezi hujipanga katikati ya msuli kabla neva haijafika. Yanahitaji MuSK na LRP4, hayahitaji agrini. Kisha neva inafika ikiwa na kazi mbili zinazopingana: asetilikolini inasambaratisha mafungu, agrini inayalinda yale iliyoyagusa. Panya asiye na agrini hupoteza mafungu yake. Lakini ukimwondolea na asetilikolini pia, mafungu mengi yanabaki. Kwa hiyo kiungio tunachokiona ni mizani: kuna nguvu inayobomoa wakati wote na nyingine inayorudisha. Magonjwa mengi ya kiungio hayaongezi kitu kipya, yanaegemea upande mmoja wa mizani hiyo.

Panya akizaliwa, uzi mmoja unafikiwa na neva kadhaa. Ndani ya wiki mbili hivi za kwanza zinashindana na kubaki moja. Wakati huohuo sehemu ya gama ya kipokezi inabadilishwa na epsiloni, na kidimbwi cha vipokezi kilichokuwa kama chapati kinatoboka matundu na kujipinda kama jilebi. Hilo umbo la jilebi ndilo alama ya ukomavu kwenye picha.

Wiki ya 6 hadi 9. Msuli mzima: tupu ya uongo

Hapa ndipo muda mwingi ulipokwenda, na inastahili.

Misuli iliyochaguliwa ni lumbrikali, misuli midogo ya wayo wa nyuma, na EDL, msuli wa mguu unaonyoosha vidole. Lumbrikali ni nyembamba, inapakwa rangi nzima bila kukatwa. EDL ni nene. Utaratibu: paraformaldehidi ya asilimia 4 dakika 15; kuosha mara tatu; glisini ya moli 0.1 dakika 30 ili kumaliza paraformaldehidi iliyobaki. Triton ya asilimia 2 saa 1. Kisha albumini ya asilimia 4 pamoja na Triton ya asilimia 1 kuziba. Usiache msuli kwenye paraformaldehidi usiku kucha. Unang'aa wenyewe kwa kijani, na kingamwili ya neva inashindwa kuona shabaha yake.

Kwa neva tunatumia kingamwili mbili kwa pamoja na kwa rangi moja: 2H3 inayopaka nyuzi za ndani ya akzoni (mkia mrefu wa seli ya neva), na SV2 inayopaka vifuko kwenye ncha. Ukitumia ya kwanza peke yake, ncha inaonekana nyembamba na kila kiungio kinaonekana nusu tupu. Ukitumia ya pili peke yake, hujui akzoni imetoka wapi. Zote mbili zimetengenezwa kwa panya, na msuli ni wa panya, kwa hiyo kingamwili yenye rangi inayozishika hizo mbili inapaka pia damu na majimaji ya msuli wenyewe. Vipande vya Fab (ncha za kingamwili zinazoshika) dhidi ya kingamwili za panya, vikiwekwa kabla ya kingamwili hizo mbili, vilisafisha ukungu huo.

Kisha likaja tatizo lenyewe. Kwenye EDL iliyopakwa nzima, viungio vya juu vilikuwa kamili na vya chini vilikuwa tupu, kwa panya mzima asiye na ugonjwa wowote. Sumu ya rangi ina uzito wa kilodaltoni 8. Kingamwili ina 150. Sumu inazama ndani ya msuli kwa saa moja, kingamwili inakwama kwenye tabaka la juu. Kadiri unavyoshuka, nyekundu ipo na kijani inapungua, na picha inafanana sawasawa na msuli uliopoteza neva. Mtu akilinganisha msuli mnene wa panya mzima na msuli uliokonda wa panya mgonjwa, anaweza kupata tofauti iliyotokana na unene tu, hata kwa upande wa kinyume.

Marekebisho matatu yamewekwa na hayaondolewi. Msuli unachambuliwa chini ya hadubini kuwa vifungu vya nyuzi 5 hadi 10 kabla ya kupakwa: shika kano kwa koleo moja, vuta kwa nyingine kufuata urefu wa uzi, usikatize. Kingamwili za neva zinakaa siku 3 kwenye nyuzijoto 4, zikitikiswa polepole. Na kiungio kinaitwa tupu pale tu ambapo kuna tawi la neva lililopakwa ndani ya picha hiyohiyo, kwa kina hichohicho. Pasipo tawi la kushuhudia, kinaandikwa "hakihesabiki". Safu hiyo kwenye jedwali imetuokoa zaidi ya kifaa chochote.

Picha: lenzi ya mara 63 ya mafuta, hatua ya mikromita 0.5 kwenda chini, rangi moja baada ya nyingine ili nyekundu isivuje kwenye kijani. Pikseli zilizojaa hadi mwisho hazikubaliki, zinanenepesha eneo. Viungio vilivyolala ubavu vinaachwa. Vinaonekana vidogo kwa sababu ya pembe tu. Viungio 30 hadi 40 kwa msuli, majina ya mafaili yakiwa yamefichwa kabla ya kupimwa kwenye Fiji, programu ya kupima picha. Kizingiti kinachaguliwa na programu kwa njia moja kwa picha zote, hakisogezwi kwa jicho.

Neno kuhusu vipande. Panya mzee huwa na vipokezi vilivyokatika vipande vingi, na ni rahisi kuandika "kiungio kinaharibika". Viungio vya binadamu ni vidogo kuliko vya panya na vina vipande vipande maisha yote, na watu wanatembea. Idadi ya vipande inaandikwa, lakini haitumiki kama kipimo cha ugonjwa kwenye mradi huu.

Wiki ya 10 hadi 13. Neva ikibanwa

Kibali cha maadili kipo, buprenofini ya kutuliza maumivu inatolewa kabla ya kisu. Neva ya siatiki, neva kubwa ya mguu, inabanwa katikati ya paja kwa koleo nyembamba, mara mbili kwa sekunde 15, hadi pale ilipobanwa ionekane angavu kama kioo. Ncha za koleo huchovywa kwenye unga wa makaa kwanza, ili mahali pajulikane baadaye. Kubana kunakata akzoni lakini kunaacha ala ya neva ikiwa nzima, na neva inarudi ikifuata njia yake ya zamani. Kukata kabisa ni jaribio lingine.

Ndani ya siku moja ncha za neva zimevunjika vipande vipande. Nyekundu haijabadilika hata kidogo. Hii ndiyo picha iliyobandikwa ukutani juu ya hadubini: jilebi kamili, nyekundu safi, na kijani imebaki vidoti vinne. Marejeo ya neva huonekana takriban wiki mbili baadaye, na karibu kila mara neva inarudi mahali palepale pa zamani. Mwaka 1978 Sanes, Marshall na McMahan walionyesha kwamba hata uzi wa msuli ukiondolewa, ganda la nje linalobaki linatosha kuiongoza neva hadi mahali pake. Seli za Schwann (seli saidizi za neva) za kwenye ncha nazo zinanyoosha mikono kutoka kiungio hadi kiungio, na akzoni inapita juu yake. Zinapakwa kwa kingamwili ya S100.

Katika kipindi hicho cha upweke, sehemu ya gama inarudi na vipokezi vipya vinasambaa kwenye uzi mzima. Wenye kazi ya nusukaputi wanalijua hili kwa njia nyingine: suksametoniamu, dawa ya kulegeza misuli, kwa mtu ambaye misuli yake imekaa muda bila neva, au aliyeungua sana, inaweza kumwaga potasiamu kwenye damu hadi moyo usimame.

Kupima muda wa kuishi wa vipokezi: dozi ndogo ya sumu yenye rangi moja inawekwa juu ya msuli hai, na siku kadhaa baadaye rangi nyingine inajaza vilivyo vipya. Uwiano wa rangi mbili unaonyesha vya zamani vimebaki vingapi. Kwenye kiungio chenye neva, nusu ya vipokezi hubadilishwa kwa zaidi ya wiki moja. Neva ikiondoka kasi inaongezeka mara kadhaa. Dozi ya kwanza isijaze. Ikijaza, umempooza mnyama, na pia umepima msuli uliopooza badala ya msuli wa kawaida. Tahadhari nyingine: sehemu ya vipokezi vinavyoingia ndani hurudi juu, kwa hiyo kupungua kwa rangi ya kwanza hakumaanishi kuvunjwa tu.

Kimeng'enya kinachovunja asetilikolini kimetiwa kwenye orodha ya rangi kuanzia wiki ya 13. Kinapakwa kwa fasikulini, sumu ya nyoka aitwaye mamba wa kijani, Dendroaspis angusticeps, wa pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kimeng'enya hiki kimetiwa nanga mwanyani na protini ya ColQ.

Wiki ya 14 na 15. Je, kinafanya kazi?

Picha haisemi. Lumbrikali inawekwa kwenye bafu ya chumvi inayopuliziwa oksijeni asilimia 95 na kaboni dioksidi asilimia 5, neva inavutwa ndani ya elektrodi ya kufyonza. Konotoksini ya myu, sumu ya konokono wa baharini, inazuia msuli usijikunje bila kugusa neva. Elektrodi ya kioo yenye potasiamu kloridi ya moli 3, megaohmu 10 hadi 20. Uzi wenye volti ya utulivu dhaifu kuliko milivolti 60 hasi hauingii. Mawimbi madogo yanayotokea yenyewe, yale Fatt na Katz waliyoyaeleza mwaka 1952, yanatupa ukubwa wa kifuko kimoja. Wimbi la neva likigawanywa kwa hilo, idadi ya vifuko. Wimbi likiwa dogo kwa sababu kila kifuko kinasikika kidogo, tatizo ni la vipokezi; likiwa dogo kwa sababu vifuko ni vichache, tatizo ni la neva. Usisahau kurekebisha kwa mawimbi makubwa, maana vifuko vingi kwa pamoja havijumlishiki moja kwa moja.

Wiki ya 16 hadi 19. Kingamwili za wagonjwa

Sampuli zilizonunuliwa zilikuja na azidi ya sodiamu kama kihifadhi. Seli zilikufa kwa siku mbili kwenye sahani zote, pamoja na zile za kingamwili za watu wazima wa afya, na hilo ndilo lililofichua kosa. Sasa kila sampuli inasafishwa kwa dialisisi kwenye PBS, maji ya chumvi, mara tatu kwenye nyuzijoto 4 kabla ya kugusa seli.

Katika miasthenia gravisi, ugonjwa wa udhaifu wa misuli, yenye kingamwili dhidi ya kipokezi, kingamwili moja inashika vipokezi viwili, na seli inavimeza. Kwenye nyuzijoto 37 vinapungua, kwenye 4 havipungui. Hiyo ni sahani ya lazima kuthibitisha njia. Mwilini kuna na komplementi, protini za kinga za damu, inayotoboa utando, ambayo sahani yenye seramu iliyopashwa nyuzijoto 56 kwa dakika 30 haiwezi kuonyesha.

Kingamwili dhidi ya MuSK, zilizotambuliwa 2001, ni mambo mengine kabisa. Nyingi ni za aina ya IgG4, haziiti komplementi, na hubadilishana nusu hadi kila moja inashika MuSK kwa mkono mmoja. Kazi yake ni kuzuia LRP4 isiifikie MuSK. Mizani inaegemea upande wa kubomoa. Ndiyo sababu wagonjwa hawa mara nyingi hawasaidiwi na piridostigmini, dawa inayozuia asetilikolini isivunjwe, na wengine wanazidiwa nayo: asetilikolini zaidi kwenye kiungio kilichopoteza mlinzi. Magonjwa ya kurithi ya DOK7 na COLQ yanafanana na huu hapo. Salbutamoli inasaidia mahali piridostigmini inaposhindwa.

Mtego: kingamwili ya MuSK yenye mikono miwili inaweza kuzibana MuSK mbili pamoja na kukusanya vipokezi hata bila agrini. Sahani za kingamwili bila agrini zimeongezwa kwa kila sampuli, na matokeo ya wiki ya 16 yasiyokuwa na sahani hizo yamefutwa kwenye jedwali.

Wiki ya 20. Panya wa SOD1 G93A

Kwenye panya hawa, wenye jeni ya binadamu ya SOD1 iliyo na kasoro ya G93A na walio mfano wa ALS (ugonjwa wa kufa kwa neva za mwendo), utafiti wa 2004 ulionyesha viungio tupu kufikia siku ya 47, kisha akzoni za mizizi ya mbele kupungua kati ya siku ya 47 na 80, na seli za uti wa mgongo baadaye kuliko hapo. Kwa hiyo umri wa kwanza wa kuchukua misuli utakuwa kabla ya siku ya 47, siyo dalili zitakapoonekana. EDL na soliasi, msuli wa shavu la mguu, zitachukuliwa kwa mnyama mmoja, kwa sababu neva za nyuzi zenye kasi zinazochoka haraka huondoka kwanza na soliasi inachelewa. Kulinganisha ni kwa ndugu wa uzao mmoja, jike na jike, dume na dume. Nakala za jeni zinapimwa kwa kila mnyama: zikipungua kizazi hadi kizazi, ugonjwa unachelewa, na dawa yoyote itaonekana inafanya kazi.

Yaliyobaki wiki ijayo: kuchambua EDL za uzao wa kwanza, kupaka S100 kwenye nusu ya vifungu, na kurudia hesabu ya viungio visivyohesabika kwa macho ya mtu wa pili. Msuli wowote ambao "hakihesabiki" itavuka moja ya tano ya picha zake, msuli huo utapakwa upya kutoka mwanzo.